Tachipedi inakufa nikifungua laptopu na mshale unatembea wenyewe, je ni kibodi?

"Habari kaka fundi. Nina ThinkPad T480 used, nimeinunua Kariakoo miezi minane iliyopita, nimeweka Linux Mint. Nikifunga mfuniko nikaja kufungua baadae nakuta tachipedi imekufa kabisa na kile kidude chekundu kinafanya kazi kwa kusitasita, mara kiende mara kigome. Nikirestati vinarudi vyote. Alafu kuna shida ya pili, kuna muda mshale unatembea wenyewe kwenda pembeni bila mimi kugusa kitu, na muda huohuo tachipedi nayo haisikii. Fundi wa kwanza kasema kibodi imekufa nitoe elfu tisini, wa pili kasema Linux haina draiva nirudi Windows, na jamaa wa hosteli ananiambia kuna mtu kaingia kwenye mashine yangu. Niko mwaka wa mwisho naandika ripoti, hela ya kubahatisha sina. Nifanyeje?"

Pole sana mdogo wangu, najua ilivyo kuandika ripoti huku mshale unakukimbia. Kwanza kabisa usitoe hiyo elfu tisini leo. Umeandika sentensi moja ambayo mafundi wote wawili ilibidi waishike, kwamba ukirestati vinarudi vyote. Kibodi iliyokufa hairudi kwa kurestati, waya uliokatika haujiungi. Kitu kinachopona kwa kuzima na kuwasha ni kitu kilichochanganyikiwa, hakijavunjika. Shida yako ya pili, ya mshale kutembea, hiyo inaweza ikawa hadiwea au isiwe, na kuna namna ya kujua bila kununua chochote.

Na uondoe hofu ya mtu kuingia kwenye mashine. Mshale unaoteleza taratibu kuelekea upande mmoja kwa kasi ileile hadi unagota ukingoni ni sensa ya kidude chekundu. Tutafika huko.

Hili la Linux haina draiva nalo tulimalize. Kwenye Windows umezoea kwamba draiva ni faili unalishusha na kuliinstoo, kwenye Linux draiva za tachipedi na TrackPoint (ndo jina la kile kidude chekundu) zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, hakuna kitu cha kwenda kushusha. Na kama kuna mtu atakwambia uinstoo xserver-xorg-input-synaptics, mwambie asante ila hapana, ile ni draiva ya zamani, haiendelezwi tena, kazi yake imechukuliwa na libinput, programu inayosoma mausi na tachipedi, ambayo tayari unayo. Nimeona watu wakiiweka ile wanapata shida mbili juu ya moja waliyokuwa nayo.

Sasa nikueleze ndani kuna nini maana ukielewa hapa utajitibu mwenyewe. Kidude chekundu kimekaa kwenye kibodi, lakini data yake haiendi moja kwa moja kwenye prosesa, inapitia kwenye chipu ya tachipedi kama mgeni anayepita sebuleni kwa mtu. Yaani vifaa viwili, mlango mmoja. Tangu zamani mlango huo ni PS/2, ileile ya mausi za kompyuta za mezani za miaka ya tisini, na ni mwembamba kweli. Saa yake, yaani mapigo ya kutumia data, inakwenda kati ya kilohezi 10 na 16.7, kila baiti inabeba biti 11, na tachipedi ya kampuni ya Synaptics inatuma vifurushi vya baiti 6, kwahiyo kifurushi kimoja ni biti 66. Data ya kidude chekundu nayo inafungwa ndani ya kifurushi cha ukubwa huohuo ndo ipite. Ukitumia vyote kwa pamoja waya unajaa, baiti moja ikipotea kerneli inashindwa kujua kifurushi kinaanzia wapi, na hapo ndo unakuta kwenye kumbukumbu za mfumo (log) imeandikwa "lost sync at byte 1" na mshale umeruka kona nyingine.

Ndo maana tachipedi za kisasa za ThinkPad zimepewa mlango wa pili, SMBus, wenye saa ya kilohezi 100. Huko vidole vingi vinasomwa vizuri na kidude chekundu kinapata nafasi ya kutosha. Ila mashine ikiwaka inaanza na PS/2 kwanza, kerneli inaitambua tachipedi, inasoma jina lake la kiwandani kutoka kwenye BIOS (programu ya kwanza inayowasha mashine), inaangalia kwenye orodha yake, ikiikuta inaihamishia SMBus. T480 zimo kwenye hiyo orodha kwa majina mawili tofauti, LEN0071 na LEN0093. Hapo ndo uone kwa nini rafiki yako mwenye T480 kama yako anaweza asipate shida hata siku moja, kwa nje zinafanana ila ndani vipuri ni tofauti, na hata hicho kidude chekundu kinaweza kuwa cha IBM kwenye mashine moja na cha kampuni ya Elan kwenye nyingine.

Ukifunga mfuniko mashine inalala, umeme wa tachipedi unakatwa. Ukifungua, tachipedi inaamka imesahau kila kitu, imerudi kwenye PS/2, wakati kerneli inaisubiri kule SMBus. Mara nyingi wanakutana, ila kuna siku wanapishana, na kwenye kumbukumbu unaona "failed to get SMBus version number". Tachipedi kimya, na kidude chekundu kwa sababu kinapita humohumo nacho kinasitasita. Hiyo ndo shida yako ya kwanza, nina imani kubwa.

Tafuta mausi ya USB hata ya kuazima kabla hujagusa chochote, utaihitaji. Alafu siku ikigoma, usirestati, fungua terminali uandike:

sudo dmesg | grep -iE "psmouse|rmi|trackpoint|synaptics"

Soma mistari ya mwisho. Ukiona mojawapo ya hizo kauli mbili nilizozitaja hapo juu tayari umepata jibu. Kisha andika:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse

Ya kwanza inaiondoa draiva, ya pili inairudisha, na hapo kerneli na tachipedi wanaanza kusalimiana upya. Kama vimefufuka vyote bila kurestati basi umeshathibitisha kwamba shida hii ya kwanza siyo ya kibodi, na hiyo elfu tisini kanunulie kitu kingine.

Sasa tiba ya kudumu ziko mbili na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kuilazimisha tachipedi ibaki PS/2 siku zote, isihamishwe. Unafungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwaka kwa mashine, kwenye ule mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT unaongeza ndani ya alama za kunukuu psmouse.synaptics_intertouch=0, unasevu, unaandika sudo update-grub, unarestati. Faida ni kwamba inaamka vizuri zaidi kwa sababu hakuna kuhama tena. Hasara ni kwamba umerudi kwenye ule mlango mwembamba, tachipedi haitakuwa laini kama mwanzo na ishara za vidole vitatu zinaweza kulegea. Wapo wasioona tofauti yoyote, wapo wanaoona siku ya kwanza tu. Kabla hujaandika kwenye GRUB ijaribu kwa muda, ukirestati inapotea:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse synaptics_intertouch=0

Kaa nayo siku nzima, ilaze na uiamshe mara kumi, ndo uamue. Kujua uko mlango gani andika cat /proc/bus/input/devices, ukiona "SynPS/2 Synaptics TouchPad" uko PS/2, ukiona Synaptics TM na namba mbele yake uko SMBus.

Ya pili ni kuiacha SMBus ilivyo lakini ukaiambia mashine kila ikiamka ifanye yenyewe ule mchezo wa kutoa na kurudisha draiva. Unatengeneza faili dogo ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/, uliite tachipedi, uandike humo:

#!/bin/sh
if [ "$1" = "post" ]; then
modprobe -r psmouse
modprobe psmouse
fi

Kisha sudo chmod +x kwenye hilo faili, basi. Ukiamsha mashine utasubiri kama sekunde moja mbili ndo tachipedi iitike. Mimi kwa mtu anayeandika sana na anayetumia vidole vitatu kubadilisha madirisha ningempa hii ya pili, kwa mtu anayetumia kidude chekundu tu ningempa ya kwanza. Kwako wewe anza na ya pili kwa sababu haigusi namna mashine inavyowaka, ukikosea unafuta faili yameisha.

Na kabla ya zote mbili angalia kama fimweya yako, yaani programu iliyo ndani ya vipuri vyenyewe, ni ya zamani. Lenovo wanaweka fimweya za ThinkPad kwenye huduma ya LVFS, na Mint unaweza kuandika fwupdmgr refresh kisha fwupdmgr get-updates ukaona kama kuna mpya. Mashine used nyingi zinafika huku na BIOS ileile ya siku zilipotoka kiwandani. Ila tafadhali usiapdeti BIOS siku ambayo umeme unakatikakatika, chaji betri zote mbili zijae na chaja iwe imechomekwa, maana ikizima katikati hapo ndo utakuwa na tatizo la kweli.

Kuna ndugu yake huyu bagi (hitilafu ya programu) nimtaje kwa kifupi kwa wengine watakaosoma. Wenye X1 Carbon ya kizazi cha sita, ya 2018, kwa Ubuntu za kipindi hicho walikuwa wanakuta tachipedi na kidude vyote vinagoma, na kumbe moduli ya i2c_i801, ambayo ndo inayoendesha SMBus, ilikuwa imefungiwa kwenye orodha ya marufuku ndani ya /etc/modprobe.d. Andika grep -r i801 /etc/modprobe.d uone kama kwako imefungiwa, mstari ukiwa upo na hauna alama ya # mbele, iweke. Wenye tachipedi za Elan wao swichi yao inaitwa psmouse.elantech_smbus, usikopi ya Synaptics kwenye Elan ukategemea matokeo.

Tuje kwa mshale unaotembea wenyewe. Kidude chekundu hakisogei kama unavyodhani, kwa chini kina sensa zinazopima nguvu ya kidole, zinapinda kiasi kidogo sana ambacho jicho halioni. Kilibuniwa na Ted Selker wa IBM na kikatoka kwenye ThinkPad 700C mwaka 1992, na tangu hapo kanuni ni ileile. Sensa za namna hii zinabadilika na joto, sifuri ya asubuhi siyo sifuri ya mchana mashine ikiwa imepata moto, kwahiyo chipu yake kila mara inatafuta sifuri mpya, ikiona nguvu imetulia bila kubadilika inasema hapa ndo hakuna mtu anayegusa, hii ndo sifuri. Sasa wewe ukiegemeza kidole pale na nguvu ileile kwa muda, unasoma kurasa ndefu unashuka taratibu, chipu inadanganyika, inadhani kidole chako ndo sifuri. Ukiachia, mshale unakwenda upande wa pili wenyewe. Hii ni kawaida kabisa, haihitaji fundi. Toa mkono, acha sekunde chache, itajirekebisha. Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kushindana nayo, anasukuma upande wa pili kuurudisha mshale, na hapo anaizidi kuidanganya.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho nadhani kimekuchanganya wewe na mafundi wote. Umesema mshale ukitembea wenyewe tachipedi nayo haisikii. Libinput imetengenezwa hivyo makusudi. Ukiwa unatumia kidude chekundu kiganja chako kinakuwa juu ya tachipedi, kwahiyo libinput ikiona kidude kinatuma data inaizima tachipedi kwa muda mfupi ili kiganja kisiharibu. Kidude kikiwa kinateleza chenyewe, libinput inaona kuna mtu anakitumia mfululizo, tachipedi inabaki imezimwa mfululizo. Tachipedi ni nzima kabisa, imenyamazishwa na jirani yake. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilishabadilisha tachipedi ya mteja kwa dalili hizihizi na shida ikabaki palepale, nikamrudishia hela yake, na tangu siku hiyo sifungui skrubu hata moja kabla sijaangalia kifaa gani kinaongea.

Kuangalia ni hivi. Weka libinput-tools, kisha:

sudo libinput list-devices
sudo libinput debug-events

Ya kwanza inakupa majina ya vifaa na namba za event zake. Ya pili inamwaga kila tukio linapotokea. Toa mikono yote miwili, usiguse meza, tazama. Kama mistari ya POINTER_MOTION inaendelea kutoka kwenye event ya TrackPoint na wewe hujagusa, kidude kinaropoka. Kama event ya TrackPoint ni kimya na mshale unatembea, mistari inatoka kwenye kifaa kingine, tafuta mausi ya waya au rimoti iliyochomekwa mahali.

Ikiwa kinaropoka, bado usikimbilie kibodi. Vua kile kikofia chekundu, kinavutika juu kwa kucha, urudie jaribio. Vikofia vya madukani huwa siyo vya urefu wake, kikiwa kirefu skrini ikifungwa inakikandamiza usiku kucha na asubuhi sifuri imehama. Vikofia vya ThinkPad viko vya urefu tofauti, chukua cha T480 hasa. Angalia pia uchafu kwenye tundu lake. Ukivua kikofia na mistari ikakoma basi dawa ni kikofia, siyo kibodi. Kama ni kasi tu inakukera, mara kizito mara kikimbizi, kuna faili za kurekebisha, zitafute kwa find /sys/devices -name sensitivity. Kwenye vidude vya IBM utakuta sensitivity ni 128 na speed 97, unaweza kupandisha sensitivity hadi 255. Kwenye vya Elan na ALPS hizo faili hazipo, usihangaike kuzitafuta, huko unarekebisha kwa AttrTrackpointMultiplier kwenye /etc/libinput/local-overrides.quirks.

Jaribu pia kuchomoa chaja. Tachipedi inapima mabadiliko madogo ya umeme kidole kikigusa, na chaja ya kopi au soketi isiyo na waya wa ethi inaingiza kelele humo, tachipedi inarukaruka. Kidude kinapima nguvu, chenyewe hakijali sana. Kwahiyo ukiona tachipedi inaruka ikiwa kwenye chaja tu na ukichomoa inatulia, mshitakiwa ni chaja. Na vidole vyenye jasho ni hivyohivyo, futa kwanza.

Kama kidude kinaropoka hata bila kikofia, hata ukiwasha kwa flashi yenye Linux nyingine, hata mashine ikiwa ya baridi asubuhi, hapo ndo nakubaliana na fundi wa kwanza, sensa imechoka. Ila hata hapo una njia ya bure. Zima laptopu, iwashe ukibonyeza F1 uingie BIOS, nenda Config, kisha Keyboard/Mouse, uzime TrackPoint. Kelele itakata na tachipedi itapumua. Unamaliza ripoti yako kwa tachipedi, kibodi utanunua ukishapata kazi. Ukinunua, hakikisha inalingana na namba ya kipuri iliyo nyuma ya kibodi yako, na kama yako ina taa usikubali isiyo na taa kwa bei ya yenye taa. Lenovo wana kitabu cha ufundi cha T480 kinapatikana bure kwenye tovuti yao, kina picha za kila skrubu, hata kama hutafungua mwenyewe kipitie ujue fundi anafanya nini.

Na ukirudi Windows kama alivyokushauri fundi wa pili, mlango ni uleule na sensa ni ileile. Windows Update nayo huwa inabadilisha draiva ya Lenovo ikaweka ya jumla na kidude kikapoteza kusukuma kurasa, watu wanaandika kila siku. Huko tiba ni kuirudisha draiva ya nyuma au kuchukua ya Lenovo kwa kutumia aina ya mashine iliyo chini ya laptopu, T480 inaanza na 20L5 au 20L6. Siyo sababu ya kuhama mfumo katikati ya ripoti.

Kuna hali moja sitaki usubiri hata siku moja. Kama tachipedi imekuwa ngumu kubonyeza, au imeinuka upande mmoja, au laptopu ikiwa mezani inacheza kama meza mbovu, betri ya ndani imevimba. T480 ina betri mbili, ya nyuma unayoitoa kwa mkono na nyingine ndani, chini ya sehemu unayowekea viganja. Ikivimba inasukuma tachipedi kwa chini. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe, ipeleke kwa fundi anayejua betri siku hiyohiyo. Vilevile kama chai au maji yamemwagika kwenye kibodi hata kama ni mwezi uliopita, au tachipedi haionekani kabisa kwenye list-devices hata ukiwasha kwa flashi, hapo inafunguliwa, maana inaweza kuwa kebo imelegea au kutu, na hakuna amri ya terminali itakayokaza kebo.

Anza na ile ya dmesg siku ikigoma, alafu debug-events mikono ikiwa pembeni. Nitumie mistari ile ya mwisho ya dmesg pamoja na mstari wenye neno trackpoint, hiyo tu, nitakwambia kama una kidude cha IBM au cha Elan na tiba ipi kati ya zile mbili ubaki nayo.